Uliza Tukujibu: Chungu cha Wahopi, kamba ya udongo na ncha ya kisu

Tangu tuweke ile picha ya chungu cha Wahopi toleo lililopita, kile cha manjano chenye muhindi umejitokeza begani kana kwamba umeota humo humo, meseji hazijakatika. Wapo waliosifia, wapo waliobisha, na mmoja katuambia tumewadanganya wasomaji (nitamfikia, asiwe na haraka). Kwa ambao hamkuiona, Wahopi ni wenyeji wa kaskazini mashariki mwa Arizona, Marekani, vijiji vyao vya zamani vimekaa juu ya majabali matatu yenye vichwa bapa, na vyungu vyao vingi vinatoka jabali la kwanza, First Mesa, kwenye vijiji vya Walpi, Sichomovi na Hano, pamoja na Polacca iliyoko chini ya jabali. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Dada mhariri salaam. Mimi nafinyanga kwa gurudumu mwaka wa 9 sasa. Mnaandika kile chungu kimefinyangwa kwa mkono mtupu, kamba juu ya kamba. Samahani lakini mviringo ule hautoki kwa mkono, mmewadanganya watu. – Fundi Gurudumu

Fundi, naomba tu uamini. Hakuna gurudumu pale, na hata hao mababu zao wa miaka mamia iliyopita hawakuwa nalo, na walitoa mitungi ambayo ukiiona unaishiwa maneno.

Kazi inaanza mbali kidogo. Udongo wanauchimba huko huko kwenye majabali yao, na mfinyanzi anayeshika mila hachukui tu na kuondoka, anaacha unga wa mahindi kidogo pale alipochimba ndo shukrani yake. Unalowekwa, unachujwa vijiwe na mizizi, unaachwa utulie mpaka ukandike vizuri. Udongo wao wa kijivu ni laini mno, kwa vyungu vya nakshi kwa kawaida hawauchanganyi na mchanga wala magae yaliyosagwa kama wanavyofanya wafinyanzi wengi duniani, na hiyo ndo sababu ya kwanza ya ule ulaini unaouona.

Sasa kitako. Anachukua donge, analiponda liwe kama chapati nene, analikandamiza ndani ya kibakuli kisicho na kina au kigae cha chungu kilichovunjika zamani. Hapo ndo penye jibu lako fundi, maana akitaka kukizungusha chungu anazungusha hicho kibakuli, taratibu, robo duara, anasimama, anatazama, robo duara tena. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, huyu wa Hopi na kufinyangia anafinyangia gaeni.

Halafu kamba. Anausokota udongo katikati ya viganja viwili, unashuka chini kama nyoka, unene wa kidole hivi, anaulaza ukingoni huku anaubana kwa kidole gumba, anashusha udongo wa juu uumane na wa chini mpaka ule mshono upotee. Kamba nyingine juu yake. Ukuta ukilegea anauacha upumzike kwanza, we mwenyewe unajua udongo mbichi haulazimishwi, ukiubebesha mzigo kabla haujashika unakukalia chini. Ila umbo lenyewe haliletwi na kamba, linaletwa na kibuyu, yaani kipande cha kibuyu kikavu kilichokatwa duara, kinaingia ndani na mkono wa kulia kinasukuma ukuta kwenda nje wakati kiganja cha kushoto kiko nje kinaupokea. Tumbo linatanuka kidogo kidogo. Ile mitungi yao mifupi iliyotanua mabega, ambayo juu yake ni kama uwanja bapa wa kuchorea, ndo migumu kuliko yote, kwa sababu bega linalala karibu usawa wa sakafu na hakuna kitu chini yake kinalishikilia.

Kikikauka kinakwanguliwa, kinapigwa jiwe la mchanga (siku hizi wengi msasa), kinalowanishwa kidogo kidogo na kusuguliwa kwa kokoto la mtoni. Ule mng'ao sio vanishi. Ni kokoto. Na kokoto zuri halinunuliwi hovyo, linatoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa binti, limelainika mpaka linateleza mkononi kama jicho la samaki.

Ukipata bahati ya kushika kimoja usikimbilie kutazama michoro, ingiza vidole ndani upapase ukuta. Utasikia mawimbi madogo madogo, ndo mahali kamba zilipopandana. Gurudumu linaacha mistari inayozunguka bila kukatika, mkono unaacha mawimbi, na tofauti hiyo vidole vyako vya miaka 9 vitaijua kabla yangu mimi.

Naomba kuuliza, ninacho kimoja cha zawadi. Naweza kuweka maua na maji? – Mama Maua

Hapana mama, usithubutu. Hakina tabaka la kioo la kuzuia maji, kinanyonya, maji yatapita taratibu mpaka mezani na njiani yataharibu ule mng'ao na pengine rangi. Maua makavu sawa. Vumbi lifute kwa brashi laini kavu, kitambaa chenye unyevu kiache jikoni.

Tumebishana na mume wangu mpaka chai imepoa. Yeye anasema Wahopi wa kweli wanachora kwa rangi tu, hayo ya kuchonga ni mambo ya kuwauzia watalii. Mi nasema kuchonga ni mila. Nani kashinda? – Mbishi wa Ndoa

Dada, kikombe mgawane, ila wewe uchukue nusu kubwa.

Mumeo kapatia hivi: jina la Wahopi kwenye ufinyanzi limejengwa na brashi. Vile vya zamani vinavyosifiwa zaidi, vya kijiji cha Sikyatki ambacho sasa ni magofu, vilivyotengenezwa kati ya miaka ya 1300 mwishoni na 1600 mwanzoni, ni vya manjano vyenye ndege, mabawa na manyoya vilivyopakwa kahawia, nyeusi na nyekundu. Kuchonga kwa kina, kisu kinazama kwenye ukuta mpaka sura inasimama, hiyo ni kazi ya karne ya 20, tena nusu yake ya pili.

Lakini mumeo asishangilie, maana kuuchokoza udongo wenyewe badala ya kuupaka rangi ni jambo la zamani pia. Mababu wa watu hawa walikuwa na vyungu vya kupikia ambavyo kamba zake hazikulainishwa kwa nje, ziliachwa zionekane na zimebanwa kwa ncha ya kidole moja baada ya moja, chungu kizima kinakuwa na magamba kama samaki. Na hao hao wa enzi za Sikyatki walikuwa na mtindo wa kupaka rangi nyeusi halafu kuikwangua kwa ncha kali kabla ya kuchoma ili mstari wa manjano utokee. Kwa hiyo ncha ilikuwepo, ilikuwa haijazama tu.

Aliyeanza kuuinua udongo enzi zetu ni Elizabeth White, jina lake la Kihopi Polingaysi Qoyawayma, aliyezaliwa 1892 huko Oraibi, Third Mesa, na kufariki 1990. Huyu bibi alikuwa mwalimu, ufinyanzi kauingia kwa nguvu alipostaafu, tena kwenye jabali ambalo wakati huo halikuwa na jina kwenye vyungu vya aina hii. Yeye hakuchonga kwa maana ya kukata. Alisukuma kutoka ndani. Fikiria ukuta ungali mbichi, kidole au kijiti kinaingia mdomoni mwa chungu kinausukuma mahali pamoja unatoka uvimbe mrefu, halafu kwa nje anauchora punje, mstari kwa mstari, mpaka unakuwa muhindi. Ukichelewa nusu siku ukuta umeshika, ukisukuma unapasuka, ukiwahi mno uvimbe unalegea unarudi. Udongo upatize ungali maji, ule msemo tunaowaambia wazazi, hapa ni maelekezo ya kazi kabisa.

Mwanafunzi wake alikuwa mtoto wa kaka yake, Al Qöyawayma, aliyezaliwa 1938, na hapa ndo napendaga kuisimulia hii habari: huyu bwana ni mhandisi, alishughulika na mifumo ya kuongozea vyombo vya angani, na mwaka 1977 alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha wanasayansi na wahandisi ambao ni wenyeji wa asili wa Marekani, halafu jioni anakaa na udongo wa shangazi. Vyungu vyake vingi havina rangi ya kuchora hata tone. Mwanga tu na kivuli. Muhindi umejitokeza, au nyumba za mawe za mababu zilizojibana chini ya mwamba, milango, madirisha na ngazi, vyote kwenye bega la mtungi.

Upande wa First Mesa, familia ya Nampeyo, yule bibi mfinyanzi maarufu (nitamfikia), ilienda njia nyingine. Binti yake Fannie Nampeyo alizaa watoto wengi waliofinyanga, na wawili wanatuhusu hapa. Iris aliwekea vyungu vyake vilivyosuguliwa wazi, bila mchoro, muhindi mmoja ulioinuka pembeni, basi. Mmoja tu. Familia yao ni ya ukoo wa Mahindi na ukoo kwao unapita kwa mama, kwa hiyo ule muhindi usiusome kama pambo, usome kama jina la ukoo. Kaka yake, Tom Polacca, aliyeishi 1935 hadi 2003, ndo mtu wa kisu kweli kweli. Yeye anaacha ukuta uwe mnene makusudi, anasubiri udongo ukauke nusu, ule wakati ambao ukiubonyeza haubonyei ila ukiukata unakatika kama jibini, halafu anapunguza. Anaondoa pembeni mwa sura mpaka katsina anasimama, yaani wale viumbe wa kiroho ambao Wahopi wanawaheshimu kama waleta mvua, na manyoya yao na vinyago vyao, anazunguka nao chungu kizima ngoma nzima. Baadaye rangi zinaingia kwenye mabonde.

Ugumu wa kuchonga hivi ambao watu hawauoni ni kwamba ukuta unakuwa na sehemu nene na sehemu nyembamba, na vitu viwili vya unene tofauti havikauki sawa. Kwenye moto hesabu hiyo inalipwa. Mchoraji akikosea mstari anaupangusa, mchongaji akizamisha kisu milimita moja ya ziada kazi ya wiki inarudi kwenye ndoo.

Na hilo la watalii, mwambie mumeo hata michoro ya brashi tunayoiita asilia ilifufuliwa wakati wanunuzi wa nje wapo mlangoni na hela mkononi. Mi sioni kama inapunguza kitu. Mfinyanzi naye anakula.

Mhariri, nimesoma mahali kwamba yule bibi maarufu Nampeyo alikopi michoro ya makaburini halafu akasifiwa kama kabuni mwenyewe. Ni kweli? Naona kama ni wizi fulani hivi. – Msema Kweli

Maneno makali hayo ndugu yangu, ngoja tuyapange.

Nampeyo alizaliwa karibu mwaka 1859 huko Hano, mama yake Mtewa wa ukoo wa Mahindi, baba yake Mhopi wa Walpi. Watewa walifika hapo wakitokea bonde la Rio Grande, karibu mwaka 1700, baada ya misukosuko iliyofuata uasi mkubwa wa 1680 dhidi ya Wahispania, na mpaka leo Hano inaongea Kitewa katikati ya Wahopi. Kufinyanga alijifunza kwa bibi yake mzaa baba. Wakati huo vyungu vya pale vilikuwa vinapakwa uji mweupe wa udongo ambao ukishachomwa unapasuka nyufa nyembamba nyembamba kama ganda la yai lililogongwa, kwa sababu uji na mwili havisinyai pamoja.

Magae ya Sikyatki yalikuwa yametapakaa ardhini, mwendo mfupi kutoka kijijini. Mtoto anayechunga mbuzi anayakanyaga. Mfanyabiashara Thomas Keam alikuwa kafungua duka huko tangu 1875 na alikuwa anawahimiza wafinyanzi watengeneze vinavyofanana na vya kale kwa sababu vinauzika. Halafu 1895 akaja Jesse Walter Fewkes kuchimba Sikyatki, akafukua makaburi, akaondoka na mamia ya vyombo kuelekea Washington. Mume wa Nampeyo, Lesou, husemwa alikuwa miongoni mwa vibarua wa kuchimba, na Fewkes mwenyewe kaandika kwamba mke na mume walifika kambini wakaazima karatasi na penseli wakanakili michoro. Kwa miaka mingi stori ikawa hiyo, kwamba mwanasayansi kachimba ndipo Mhindi Mwekundu kaamka. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba Nampeyo alikuwa anacheza na michoro hiyo kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Sasa wizi uko wapi? Mmoja kaja na sepeto kabeba bakuli za marehemu, mwingine kaja na penseli. We hukumu.

Na kukopi kwenyewe kulikuwa kwa muda mfupi. Angalia vyungu vyake: kachukua ndege wa zamani, kampunguza mpaka kabaki bawa, bawa limepinda likafuata mzunguko wa bega, na pembeni kaacha nafasi tupu kubwa ambayo mwingine angeijaza. Akaacha ule uji mweupe, akarudi kwenye mwili wa manjano uliosuguliwa. Hayo hayapo kwenye kigae kimoja chochote. Mwaka 1905 na 1907 alikaa Hopi House, duka la kazi za wenyeji huko Grand Canyon, akifinyanga mbele ya wageni, na Chicago alipelekwa 1898 na 1910.

Fundi Gurudumu, sikia na hii. Macho ya Nampeyo yaliliwa na trakoma, akawa haoni vizuri halafu karibu haoni kabisa, na aliendelea kufinyanga. Kamba, kibuyu, kiganja. Mabinti zake Annie, Nellie na Fannie wakawa wanachora juu ya vyungu alivyovipima kwa vidole. Alifariki 1942.

Hivi ni kweli wanachomea mavi ya kondoo? Halafu mnasema ni vyombo vya thamani? – Nimeshika Pua

Ni kweli, na pua iachie, yakishakauka hayanuki kama unavyodhani.

Wanachagua asubuhi isiyo na upepo, upepo ni adui namba moja. Vyungu vinapashwa moto kwanza taratibu, vinapangwa juu ya kitako cha moto, vinafunikwa kwa magae makubwa (tena magae!) ili kuni zisiguse mwili, halafu mabonge ya mavi makavu yanajengwa kuzunguka na juu kama mzinga wa nyuki. Yanaungua polepole na kwa usawa, bila kuruka ndimi kama kuni kavu. Hewa inaingia, chuma kilichomo kwenye ule udongo wa kijivu kinakutana na hewa na joto, kinatoka manjano, asali, chungwa, wakati mwingine waridi upande mmoja. Mahali bonge limedondokea chungu panabaki wingu jeusi au la kahawia. Wanunuzi wengine wanaliona doa. Mi naliona saini ya moto na nisingekinunua bila hilo, lakini hiyo ni mimi.

Kinachonifurahisha zaidi, kondoo ni wageni pale, waliletwa na Wahispania. Kabla yao, tangu miaka ya 1300, Wahopi walikuwa wanachomea makaa ya mawe waliyoyachimba kwenye majabali yao wenyewe. Moto wake ni mkali kuliko wa mavi, ndo maana vigae vya Sikyatki ni vigumu na ukivigonga vinalia. Kondoo walipofika, makaa ya mawe kwenye ufinyanzi yakaachwa.

Na hasara ipo. Unyevu ukibaki ndani ya ukuta unageuka mvuke, mvuke unatafuta mlango. Cha kwanza nilichowahi kuchoma mimi, kwa bibi yangu, kilipasuka na mlio kama bunduki na kikaondoka na viwili vya jirani ambavyo havikuwa vyangu. Bibi hakusema kitu, kanipa magae niyakusanye.

Shikamoo. Nilipokuwa safarini Arizona niliuziwa chungu cha "Kihopi" dukani, dola 90, nikaambiwa kimetengenezwa kwa mkono. Nyumbani nimeona mstari mwembamba ubavuni kutoka juu hadi chini, pande zote mbili. Nimepigwa? – Niliyepigwa Labda

Marahaba mwanangu, na pole. Labda iondoe.

Ule mstari wa pande mbili ni mahali vipande viwili vya kalibu ya plasta vimekutana. Udongo wa uji unamiminwa humo, unashika, unatolewa, unachomwa kwenye tanuri ya umeme, halafu mtu anachora juu yake. Pengine kachora vizuri tu na pengine hata ni mwenyeji wa huko, lakini kufinyangwa hakikufinyangwa. Tazama na kitako, cha kumiminwa mara nyingi kina pete au ukingo ulionyooka mno, ndani ni laini bila wimbi hata moja, uzito ni ule ule kila upande.

Rangi nayo inaongea. Nyeusi ya Wahopi wanaipata kwa kuchemsha mmea wa porini kwa masaa mengi mpaka ubaki mzito kama lami, wanaukausha uwe kipande, wakitaka kuutumia wanausaga na jiwe lenye chuma juu ya bapa la jiwe. Brashi ni jani la yuka (mmea wa nyikani wenye nyuzi) lililotafunwa ncha mpaka nyuzi zikatoka. Rangi hiyo ikichomwa inaingia mwilini, inakuwa nyeusi yenye ukahawia ndani yake, na mstari unakuwa na mahali pananenepa na mahali pananyauka jani lilipoishiwa. Mstari ulio mweusi tii na unene mmoja mwanzo mwisho, jiulize. Ila usijaribu kuufuta kwa maji, kama ni cha kweli utakuwa umejiharibia mwenyewe.

Saini pia ipo chini ya vyungu vingi vya leo. Wengine jina, wengine alama: chura alikuwa wa Paqua Naha na baadaye binti yake Joy Navasie, unyoya ulikuwa wa Helen Naha, na kina Nampeyo wengi wanaweka muhindi. Alama inaigwa lakini, kwa hiyo usiinunue peke yake.

Kisheria, Marekani ina sheria ya 1990 inayokataza kuuza kitu kwa kudai ni kazi ya wenyeji wa asili wakati siyo. Mtu akikamatwa mara ya kwanza, kwa bidhaa za dola 1,000 au zaidi faini inafika dola 250,000 na jela miaka 5, chini ya hapo kama cha kwako inafika dola 25,000 na jela mwaka 1. Kama ulipewa risiti yenye maneno "cha Kihopi", itunze na kaandike malalamiko. Siku nyingine nunua kwa mfinyanzi mwenyewe, nyumba nyingi za First Mesa wanaweka kikaratasi dirishani kwamba kuna vyungu, au kwenye maonyesho kama yale ya Santa Fe kila Agosti, yaliyoanza 1922, unamuuliza aliyekaa mbele yako kachimba wapi na kachoma na nini. Mfinyanzi wa kweli hilo swali analipenda, hutamnyamazisha.

Naenda huko mwezi ujao, naweza kupiga video wakifinyanga? – Msafiri

Hapana. Vijijini kwa Wahopi picha haziruhusiwi, video haziruhusiwi, kurekodi sauti hakuruhusiwi na hata kuchora kwa penseli hakuruhusiwi. Walpi unaingia na mwenyeji anayekutembeza. Mfinyanzi akikukubalia ndani kwake ni hiari yake, simu ibaki mfukoni mpaka aseme.

Mi ni kijana nafinyanga, nimevutiwa mno na hizo dizaini. Nikichonga katsina kwenye vyungu vyangu nikauza, kuna shida? – Mkono Mpya

Mdogo wangu, kisheria ukiwa huku na hudai ni vya Wahopi sidhani kama kuna polisi atakayekufuata. Ila katsina mwache. Wale kwao ni wa ibada, na hata miongoni mwao watu wamevutana kuhusu kuwachonga na kuwauza, sasa wewe uingie kati ya ugomvi wa familia ya watu ukiwa na kisu?

Unachoweza kukichukua bila kumuomba mtu ni ufundi. Kibuyu hakina mwenyewe. Anza na chungu kidogo cha kamba 6 au 7, nje usikilainishe, bana kila kamba kwa ncha ya kidole kama wale mababu wenye vyungu vya magamba, utajua mkono wako una mwandiko gani. Ukizoea, jaribu kusukuma kutoka ndani, kitu unachokijua wewe, embe, samaki, bamia, chochote ambacho kwenu kina maana. Sukuma asubuhi, udongo ukiwa na baridi bado. Ukiona ukuta unang'aa kwa maji subiri, ukiona umepauka umechelewa, katikati hapo una kama saa moja hivi. Wakati wa kukauka kifunike na nailoni iliyotobolewa, wiki nzima, usiwe na papara ya jua. Kikipasuka motoni nitumie picha hiyo hiyo, na magae usitupe, utayahitaji kufunikia kinachofuata.